Kuta zinazopinda na mapaa yasiyofika: utatuzi wa matatizo katika karakana ya majengo ya karatasi

Malalamiko ya mteja hufika yakitaja kipande kimoja, ilhali kosa mara nyingi limeanzia kwenye kipande kingine, na pengine limeanzia kwenye rimu ya karatasi iliyokaa wiki tatu karibu na bomba la kupashia nyumba joto. Mteja husema paa ni fupi. Ukilipima unakuta paa ni sahihi, na kilichokosea ni ukuta uliobandikwa tabaka mbili ukawa mnene kuliko mchoro ulivyotarajia. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya familia zinazotengeneza seti za majengo ya karatasi na kadibodi kwa reli za mfano, yaani stesheni, mabanda ya injini, maghala na nyumba za wafanyakazi ambazo mnunuzi hukata, hukunja na kubandika mwenyewe kando ya njia ya treni zake ndogo. Sisi tunafanya kazi hiyo Uingereza, katika chumba cha nyuma cha nyumba yetu: mke wangu huchora, mimi huchapa na kukata, na binti yetu mkubwa hufungasha na kuwajibu wateja. Vipimo vingi vilivyomo humu ni vya skeli ya OO, ambayo ni 1:76, yaani jengo huwa dogo mara 76 kuliko lile halisi, kwa kuwa ndiyo iliyozoeleka nchini humo. Anayefanya kazi kwa HO, yaani 1:87, ambayo hutumika Marekani na katika bara la Ulaya, itambidi afanye hesabu yake.

Kabla ya kubadilisha chochote, muombe mteja mambo matatu: picha ya kipande kikiwa kimelazwa kando ya rula, jina la gundi aliyotumia, na, iwapo alichapa mwenyewe kutoka kwenye faili, urefu wa mstari wa majaribio uliomo katika ukurasa wa kwanza. Kisha rekebisha jambo moja tu, ujenge upya, na uangalie. Karakana inayobadilisha karatasi, gundi na mchoro kwa siku moja huweza kupata jengo zuri bila kujua ni kipi kilicholiponya, na tatizo likirudi baada ya miezi sita itabidi ianze upya.

Ukuta unapinda baada ya kubandikwa

Hili ndilo lalamiko tulilolipokea mara nyingi kuliko yote, na lina vyanzo kadhaa vinavyofanana kwa macho. Cha kwanza ni maji ya gundi. Gundi nyeupe ya seremala ina maji mengi. Karatasi iliyochapwa ikipakwa gundi hiyo, nyuzi zake huvimba, na zinapokauka zikiwa zimeshikwa na kadibodi, husinyaa na kuivuta kadibodi upande wao. Dalili yake ni kwamba ukuta hubonyea kwenye uso uliochapwa, kila mara, bila kujali kipande kilikuwa kona gani ya karatasi kubwa. Dawa ni kubandika karatasi ya aina na uzito uleule upande wa nyuma, kwa gundi ileile na katika kikao kilekile, kisha kuukandamiza ukuta chini ya vitabu vizito hadi kesho yake. Gundi ya mrija isiyo na maji hupunguza tatizo, lakini hushika haraka mno, na mteja aliyebandika ukuta wa sentimita thelathini ukiwa umekwenda upogo hana nafasi ya kuusogeza. Mimi huwashauri wateja watumie gundi nyeupe kidogo sana, iliyosambazwa kwa kipande cha kadi, kwa masikio ya gundi, yaani vipande vidogo vya pembeni vinavyokunjwa na kupakwa gundi, na kwa viungo vidogo, na gundi ya kijiti au ya kupulizia kwa nyuso pana.

Chanzo cha pili ni mwelekeo wa nyuzi, na hapa ndipo karakana nyingi ndogo hupoteza muda, kwa sababu karatasi haionyeshi nyuzi zake kama ubao unavyoonyesha. Karatasi inapotengenezwa kiwandani, nyuzi nyingi hulala kufuata mwendo wa mashine; zikilowa, kila unyuzi hunenepa zaidi ya unavyorefuka, hivyo karatasi hutanuka zaidi kwa kukingama nyuzi kuliko kwa kuzifuata. Ili kuujua mwelekeo, kata vipande viwili vya milimita 10 kwa 150, kimoja kwa urefu wa karatasi na kingine kwa upana wake, uvibane pamoja kwa vidole ncha moja, kisha uvigeuze juu chini. Kinacholegea na kuinama zaidi ndicho kilichokatwa kwa kukingama nyuzi. Jaribio hili huchukua dakika moja, na linafaa kufanywa kwa kila rimu mpya, hata kama imetoka duka lilelile na ina lebo ileile, maana tumewahi kuletewa maboksi mawili ya karatasi iliyoandikwa jina moja na uzito mmoja, nyuzi za boksi moja zikienda kwa urefu na za jingine kwa upana.

Ugumu ni kwamba jengo lina matakwa mawili yanayogombana. Mikunjo ya kona ya nyumba inakwenda juu chini, na mkunjo hukaa vizuri ukifuata nyuzi; kwa hiyo kona zinataka nyuzi zisimame. Lakini ukuta mrefu wa ghala au wa jukwaa la stesheni unahitaji nyuzi zilale, la sivyo utajikunja kama mkeka. Uamuzi wetu ni huu: jengo linalokunjwa kutoka kipande kimoja huchapwa nyuzi zikiwa zimesimama, na ndani yake huwekwa mbavu za kadibodi, moja kwa kila sentimita tano hivi; jengo la kadibodi nene, ambalo kuta zake hukatwa mojamoja, hukatwa nyuzi zikiwa zimelala. Wako wanaofanya kinyume, na majengo yao husimama. Jambo lisilovumilika ni kuchanganya mielekeo miwili katika ukuta mmoja, karatasi ya mbele ikienda huku na ya nyuma ikienda kule, kwa sababu ukuta huo haupindi tu bali hujipotoa kama mbao mbichi.

Chanzo cha tatu ni hewa. Ikiwa karatasi hupinda hata kabla ya kuguswa na gundi, au seti hufika kwa mteja zikiwa zimeinuka pembe ndani ya pakiti, chunguza mahali unapoihifadhi. Maabara hupima karatasi kwa nyuzijoto 23 na unyevu wa hewa wa asilimia 50, na karakana ikikaribia hali hiyo inatosha. Aliyekulia Mombasa anakumbuka jinsi daftari linavyolegea wakati wa masika. Hapa kwetu shida kubwa ni ya upande wa pili, kwani majira ya baridi joto la ndani hukausha hewa, na rimu iliyofunguliwa hujikunja kingo kwa siku moja. Kipima unyevu cha bei ndogo, na desturi ya kuirudisha karatasi ndani ya plastiki yake kila jioni, vimetuondolea malalamiko mengi kuliko mashine yoyote tuliyonunua.

Mkunjo unapasuka na weupe unaonekana

Kwanza tazama kama mkunjo unafuata nyuzi. Ukizikingama, hakuna mbinu itakayouokoa kikamilifu katika karatasi iliyozidi gramu 200 kwa mita ya mraba. Pili, jiulize ulichapa kwa kutumia kitu gani. Tona ya printa ya leza hukaa juu ya uso wa karatasi kama ngozi nyembamba, na ngozi hiyo huvunjika kwenye mkunjo, ilhali wino wa maji huingia ndani ya nyuzi na huvumilia zaidi. Tatu, angalia kifaa kinachochora mfuo wa kukunjia. Kisu hukata nyuzi za juu na kuacha jeraha jeupe. Kalamu ya wino uliokwisha, ikivutwa kando ya rula ya chuma, hubonyeza bila kukata, na tuta linalotokea upande wa pili linapaswa kuwa ndani ya mkunjo. Weupe mdogo unaobaki, pamoja na ule wa kingo zilizokatwa, huzibwa kwa penseli ya rangi inayokaribiana na ukuta. Maelezo ya hatua hii yawekwe mwanzoni mwa maagizo, kabla ya vipande kuunganishwa, kwa maana jengo likishasimama penseli haifiki kwenye kona za ndani za madirisha.

Vipande havikutani: paa halifiki, kona zimeacha mwanya

Ikiwa mteja alichapa nyumbani kutoka kwenye faili, chanzo kinachotarajiwa kwanza ni printa iliyoambiwa iutoshee ukurasa badala ya kuchapa kwa asilimia 100. Karatasi ya A4 ina urefu wa milimita 297, na ile inayotumika sana Marekani ina milimita 279. Ukurasa wa A4 ukibanwa ndani yake hupungua hadi asilimia 94 hivi. Ndiyo sababu kila faili yetu ina mstari wa milimita 100: ukisoma 94, kesi imekwisha. Hatari kubwa iko kwa mteja aliyechapa kuta jumatatu kwa mpangilio mmoja na paa ijumaa kwa mpangilio mwingine, kwani kila kipande kwa peke yake kinaonekana kizima.

Ikiwa seti ilichapwa na karakana yenyewe, pima unene. Kuta mbili zinazokutana kwenye kona huongeza au hupunguza urefu wa jengo kwa unene wa kadibodi kila upande, na mchoraji aliyechora kwa milimita 1 akaletewa kadibodi ya milimita 1.5 atakuwa amekosea kwa milimita nzima kutoka ncha hadi ncha. Kadibodi isipimwe kwa kusoma lebo. Ipimwe kwa kaliper, ikiwa tayari imebandikwa karatasi ya mbele na ya nyuma, kwa sababu karatasi ya gramu 80 pekee ina unene wa takriban milimita 0.1, na tabaka mbili pamoja na gundi huongeza zaidi ya milimita 0.2.

Kosa linalofanana na hili, ila ni gumu zaidi kuligundua, hutokea pale familia inapoamua kuuza jengo lilelile kwa skeli nyingine kwa kulipunguza tu kwenye kompyuta. Hesabu ya ukubwa ni nyepesi: kutoka 1:76 kwenda 1:87 ni takriban asilimia 87, na kwenda skeli ndogo zaidi ya N ya Uingereza, yaani 1:148, ni takriban asilimia 51. Mchoro hupungua, lakini kadibodi inayouzwa dukani haipungui nao. Tundu la kupachika lililochorwa kwa kadibodi ya milimita 2 huwa milimita 1.75 katika HO; kadibodi ya milimita 2 haiingii, na ya 1.5 inacheza. Katika 1:148 tundu huwa milimita 1.03, na hapo, kwa bahati, kadibodi ya milimita 1 inaingia vizuri, lakini mchoro huohuo ukipelekwa kwenye N ya 1:160, inayotumika Marekani na katika bara la Ulaya, tundu huwa milimita 0.95 na kila kiungo hukwama. Sisi tulidanganywa na bahati hiyo: tulijaribu skeli moja, ikafaulu, tukadhani njia yetu ni sahihi. Matundu na masikio yote huchorwa upya kwa kila skeli. Kuta na madirisha ndivyo vinavyoweza kupunguzwa.

Iwapo mapaa hayafiki katika baadhi ya pakiti tu za toleo moja, acha kalamu na uende kwenye kompyuta. Katika karakana ya familia faili moja hushikwa na watu watatu. Mama amerekebisha kuta, baba amechapa mapaa ya mwezi uliopita yaliyobaki kwenye rafu, na wote wawili wana hakika kwamba mwenzake ndiye aliyekosea. Chapa namba ya toleo kwenye ukingo wa kila ukurasa, kwa herufi ndogo, na anayefungasha asifunge pakiti yenye namba mbili tofauti. Hatua hii haigharimu chochote, na imepunguza maneno wakati wa chakula cha jioni.

Matofali yana michirizi, mabati ni bapa, rangi imebadilika

Katika Uingereza safu moja ya matofali pamoja na chokaa yake hufika milimita 75, ambazo katika 1:76 ni takriban milimita 1 kamili, na mstari wa chokaa wa milimita 10 huwa milimita 0.13. Ukichora kwa picha ya nukta 300 kwa inchi, mstari huo unapewa nukta moja na nusu, na kwa kuwa hakuna nusu nukta, mistari mingine hupata moja na mingine mbili. Mteja huona michirizi ya mlalo ukutani na kuidhania kuwa kasoro ya printa. Kusafisha printa hakutasaidia. Chora upya kwa nukta 600, au kwa mistari ya hesabu (vekta), ambayo kompyuta huichora kwa ukubwa wowote, badala ya picha ya nukta.

Mabati yana tatizo lake. Tulichora stesheni ndogo ya reli ya Uganda, ile iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Ziwa Victoria mwaka 1901, na paa lake la mabati likatoka kama ukurasa wa daftari lenye mistari. Vipimo vilikuwa sawa, kwani migongo ya bati iliyoachana kwa inchi 3 huangukia milimita 1 katika skeli yetu. Kilichokosekana ni kivuli: kila mgongo una upande unaopokea jua na upande usiopokea, na sisi tulikuwa tumechora mstari mweusi mmoja katikati ya weupe. Tulipoweka rangi tatu kwa kila mgongo, kutoka nyepesi hadi nzito, na kuzipanga zote zielekee upande mmoja na vivuli vya madirisha, paa likainuka bila karatasi kubadilishwa.

Rangi inayotofautiana kati ya toleo na toleo huchunguzwa kwa kufuata mpangilio huu: karatasi, kisha mipangilio ya printa, kisha wino. Karatasi huja kwanza kwa sababu nyingi zimetiwa dawa ya kung'arisha ambayo huonekana ya samawati kwenye mwanga wa jua, na tofali jekundu juu yake huelekea uwaridi. Hifadhi nakala moja ya kila ukurasa ndani ya bahasha nyeusi, uilinganishe na toleo jipya karibu na dirisha, si chini ya taa ya mezani. Rangi inayofifia nyumbani kwa mteja ni jambo jingine: wino wa rangi iliyoyeyuka huliwa na jua haraka kuliko wino wenye chembe, na kwa jengo litakalokaa miaka mingi mezani, wino wa chembe unastahili gharama yake.

Kingo zimeungua au kona za madirisha zimechanika

Ukingo wa kahawia kutoka kwenye mashine ya leza unaonyesha nguvu iliyozidi, mwendo wa polepole mno, lenzi chafu au upepo hafifu wa kupuliza moshi. Anza na lenzi, kwa sababu kuisafisha ni bure. Leza pia hula karatasi. Ili kujua inakula kiasi gani, kata miraba kumi ya milimita 20, uipange ikigusana, uipime yote pamoja. Ikifika milimita 198.5 badala ya 200, mwali wako unakula milimita 0.15, na michoro irekebishwe kwa kiasi hicho. Mashine hiyo isiachwe peke yake hata kwa muda wa kupokea simu, maana kinachokatwa ndicho kinachowaka. Kona zilizochanika kwa upande wake hutokana na kisu butu, na katika kazi ya mkono hutokana pia na kukata kuelekea nje ya kona. Kata kutoka kila kona kwenda katikati ya upande.

Mteja anasema kipande hakimo

Mara nyingi kimo, ila hakina namba, au namba yake imechapwa upande utakaofichwa na gundi. Kabla ya kuuza toleo jipya mpe seti mtu ambaye hajawahi kujenga, ukae kimya. Mama mkwe wangu alikwama kwenye hatua ya saba ya seti ambayo sisi tuliiona rahisi, kwa sababu tulikuwa tumeandika «ukuta wa nyuma» na jengo lenyewe lilikuwa na njia ya reli pande zote mbili.

Kwa vipande vinavyokosekana kweli, mizani ya jikoni ni mkaguzi mzuri. Ukurasa wa A4 wa gramu 80 kwa mita ya mraba una uzito wa gramu 5, wa gramu 160 una gramu 10. Pakiti iliyopungua gramu 10 imekosa ukurasa. Mizani haitagundua kipande cha plastiki cha dirisha, ambacho uzito wake hupotea ndani ya tofauti za kawaida za karatasi na unyevu, kwa hiyo vipande vidogo vishikizwe kwa utepe kwenye ukurasa mkubwa kabla ya kuingia ndani ya pakiti.

Seti zinauzwa, fedha hazionekani

Tafuta saa kabla ya kutafuta shilingi au pauni. Kazi ya wanafamilia isiyolipwa hufanya kila seti ionekane ina faida. Andika kwa wiki mbili dakika za kukata, kufungasha na kujibu barua, uzipe bei hata kama hakuna atakayelipwa. Kwetu kilichojitokeza ni kwamba majengo madogo ya bei nafuu, yale tuliyoyaona kuwa chambo cha wateja, yalikuwa yakichukua muda wa kufungasha uleule wa majengo makubwa.

Soko la nje lina visababu vyake. Kuanzia tarehe 13 Desemba 2024 bidhaa zinazouzwa katika Umoja wa Ulaya zinatakiwa ziwe na mwakilishi anayewajibika ndani ya Umoja huo, na jina na anwani yake vioneshwe. Na tangu tarehe 29 Agosti 2025 Marekani imesimamisha msamaha wa ushuru kwa vifurushi vya thamani isiyozidi dola 800. Mteja anayekataa kupokea kifurushi kwa sababu ameombwa ushuru mlangoni hajaikataa seti yako, hakuelezwa mapema.

Kwa posta ya ndani, hasara yetu ilikuwa ya milimita. Barua kubwa ya Royal Mail haitakiwi kuzidi milimita 353 kwa 250, unene wa milimita 25 na uzito wa gramu 750. Ikizidi unene huo huhesabiwa kuwa kifurushi, na bei hupanda. Pakiti zetu zilikuwa milimita 27 kwa sababu ya kadibodi mbili za kinga, mbele na nyuma. Sasa juu ya meza ya kufungashia kuna ubao wenye mwanya wa milimita 25, na kila bahasha hupitishwa hapo kabla ya kubandikwa utepe. Isiyopenya hufunguliwa, hutolewa kadibodi moja ya kinga, na hupitishwa tena.